Stelingi nyepesi ya skeitibodi ya rafu rodi: bushi, springi au mpira wa kusokota?

Skeitibodi ya rafu rodi, yaani ubao wa magurudumu wa kuteremkia njia za vumbi na mawe, haina usukani. Unakata kona kwa kulaza ubao: ukiegemea vidoleni inaelekea huku, ukirudi visiginoni inaelekea kule. Kazi hiyo yote inafanywa na traki mbili, yaani vyuma vya chini ya ubao vinavyobeba ekseli na magurudumu, ya mbele na ya nyuma, na hapo ndipo wengi wanaotaka kujitengenezea bodi hapa Mwanza wanapokwama. Magurudumu ya upepo ya inchi 8 yanaagizwa, ubao unapatikana, lakini traki za kuagiza zinameza pesa yote iliyobaki, na zile za skeitibodi ya lami haziziwezi njia zetu.

Kuna jambo la pili. Ukishateremka Isamilo au kilima cha Bugando, hakuna lifti ya kukurudisha juu. Bodi unaibeba mwenyewe kwenye ngazi za mawe, juani. Kwa hiyo swali la uzito si la mashindano tu. Mtu mwenye bodi nzito anateremka mara mbili anarudi nyumbani. Mwenye bodi nyepesi anakaa mlimani hadi jioni.

Nalinganisha hapa mifumo mitatu ambayo fundi wa kuchomelea na fundi wa lethi wanaweza kuitoa bila mashine za ajabu. Miwili ya kwanza, bushi na springi, inajulikana kwa wachezaji wa mchezo huu, ambao ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani, Uingereza na Australia. Wa tatu, mpira wa kusokota, umetoka kwenye ekseli za trela ndogo, na naamini unatufaa kuliko wengi wanavyofikiri.

Pembe kabla ya mfumo

Watu hubishana bushi na springi kabla ya kuamua pembe, na pembe ndiyo inayoamua bodi itakata kona vipi. Kila traki ina mhimili mmoja ambao juu yake ekseli inageuka. Mhimili huo umelala kwa pembe fulani kutoka usawa wa ardhi. Ukiulaza ubao, ekseli inageuka kwa kiasi kinachopatikana hivi: tanjenti ya pembe ya mhimili, zidisha kwa sini ya ulalo wa ubao, na jibu ni tanjenti ya kona ya ekseli.

Chukua bodi yenye sentimita 95 kati ya ekseli na ekseli, traki zote mbili zikiwa sawa, ubao umelala nyuzi 20. Mhimili wa nyuzi 45 unakupa duara la kona lenye nusu kipenyo cha mita 1.4. Wa nyuzi 35 unakupa mita 2. Wa nyuzi 25, mita 3. Tofauti ya mita moja na nusu ni kubwa sana ukiwa unapita kati ya jabali na ukuta wa nyumba ya mtu.

Basi kwa nini tusiweke 45 tukamaliza? Kwa sababu kinachokupa kona kali kwenye mwendo wa polepole ndicho kinachokuangusha kwenye mwendo wa kasi. Pembe ikiwa kubwa, mtetemo mdogo tu wa kifundo cha mguu unageuka kuwa kona, unajaribu kurekebisha, unazidisha, na bodi inaanza kucheza kushoto na kulia hadi ikutupe. Mara nyingi kucheza huko kunaanzia nyuma. Dawa inayofanya kazi ni kuweka pembe kubwa mbele na ndogo nyuma. Ukiweka 35 mbele na 25 nyuma kwenye bodi ile ile, duara linakuwa la mita 2.4, na mkia unatulia. Kwa milima ya Mwanza, hiyo ndiyo pembe ningemshauri mtu aanze nayo, mfumo wowote atakaouchagua. Ukitaka kuibadilisha baadaye, kabari ya mbao ngumu chini ya traki inatosha kuongeza au kupunguza nyuzi chache.

Jambo moja lisilosameheka: mihimili ya mbele na nyuma iangaliane kinyume, kama taswira kwenye kioo. Ukizifunga traki zote zikiangalia upande mmoja, ekseli zitageuka pamoja na bodi itaenda mshazari badala ya kukata kona.

Traki ya bushi

Huu ndio mfumo wenye sehemu chache. Kuna bamba la chini, kingipini (bolti ya katikati inayoshika traki yote), bushi mbili za mpira mgumu, na mwili wa traki uliobeba ekseli. Ukiulaza ubao, bushi zinabanwa, ukiuachia, zinarudisha. Ugumu wa bushi za poliyurethani hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na zinazouzwa nyingi huwa kati ya 78 na 95. Namba ikipanda, zinakuwa ngumu zaidi. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 85 hawawezi kupanda bushi moja wakafurahi wote wawili, lakini kubadilisha ni suala la spana moja na dakika chache.

Kwa wepesi, hakuna mfumo unaoushinda huu. Kwa mbio za njia tambarare za Luchelele, pale mchanga ulioshikamana unapoelekea ziwani, ningeuchukua bila kusita.

Udhaifu wake uko kwenye kingipini. Bolti moja ya milimita 10 inabeba karibu nguvu zote za kupinda, na tairi la inchi 8 likigonga jiwe, mkono wa nguvu ni mrefu kuliko ule wa gurudumu dogo la lami. Usikubali bolti isiyo na alama. Geuza kichwa uangalie: 8.8 ni kiwango cha chini, 10.9 ni bora. Bolti yenye kichwa kitupu ni ya kufungia geti. Ekseli nayo isiwe ya milimita 8 kama ya skeitibodi za kawaida. Nenda milimita 12, ambayo inaingia kwenye beringi namba 6001, au 6301 ukitaka nene zaidi.

Udhaifu wa pili ni kikombe kidogo ambamo ncha ya traki inaegemea. Mchanga wetu umetokana na mawe yale yale ya graniti yanayolipamba jiji, na chembe zake nyeupe zinazong'aa ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikiingia kwenye kikombe hazitoki. Zinasaga.

Traki ya chaneli na springi

Hapa mwili wa traki unaning'inia ndani ya fremu yenye umbo la chaneli, ukishikwa na bolti ndefu inayopita ncha zote mbili. Springi mbili au nne zinakaa pembeni, na ndani ya kila springi unaingizwa mpira wa kupunguza mdundo, kama shokapu ndogo. Bolti imeshikwa pande mbili badala ya upande mmoja kama kingipini, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mfumo huu kuwa imara. Mabodi mengi makubwa ya milimani yanautumia, na ncha zake za mbele na nyuma zimekunjwa juu, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 35, ili traki ipate pembe yake bila kabari.

Raha yake ni kurekebishika. Springi ukiikaza kwa nati yake, bodi inakuwa nzito kulala; ukiilegeza, inalainika. Unaweza kuanza asubuhi na mteremko mpole na mchana ukaenda kwenye mkali, traki zile zile. Mpira wa ndani unaweza kuubadilisha bila kugusa springi.

Kutafuta springi ndiko kazi ilipo. Ikikaa sentimita 4 kutoka kwenye mhimili, ubao ukilala nyuzi 20 itabanwa kama milimita 17. Kwa hiyo ukienda kwa wauza skrepa, ibane springi kwenye jiliwa na upime: kama koili zinagusana kabla ya kufika hapo, iache, hata kama inaonekana ngumu na nzuri. Springi nyingi za klachi ya pikipiki zinaanguka kwenye kipimo hiki kwa ufupi wake.

Na bushi za mhimili, zile zinazoizunguka bolti ndefu, zinahitaji akili. Mazoea ya gereji ni kujaza grisi. Kwenye mchanga wa graniti, grisi iliyo wazi inakamata vumbi na kuwa dawa ya kusagia. Bolti inaliwa ukiiangalia. Ni bora bushi kavu ya plastiki, iliyochongwa kwenye lethi. Naironi inapatikana kirahisi na inachongeka vizuri, ila inakunywa maji na kuvimba. Mtu anayependa kupita kwenye maji ya ukingoni mwa ziwa atashangaa kuona traki iliyokuwa laini jana leo imebana. Mwambie fundi aache nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 kuzunguka bolti, na tatizo linaisha.

Wakati wa masika mfumo huu una adui mwingine. Juu ya vilima udongo ni luseni, mchanga mwepesi unaodondoka wenyewe. Ukishuka mabondeni unakuta mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, na huo ukilowa unajaza chaneli na kuzifunga springi zisicheze kabisa. Unaukwangua kwa kijiti, unaondoka, unajaa tena.

Mpira wa kusokota

Chukua bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, ukuta wa milimita 2. Ndani yake weka bomba la mraba la milimita 25, lakini uligeuze nyuzi 45, ili kona zake zitazame katikati ya pande za bomba la nje. Zinabaki pembe nne tupu. Kila moja inasukumiwa kamba ya mpira wa mviringo yenye unene wa milimita 12. Kwa hesabu nafasi ile ina upana wa kama milimita 11, kwa hiyo mpira unaingia kwa kubanwa, na kule kubanwa ndiko kunakoshika kila kitu. Bomba la ndani likitaka kuzunguka, linazisaga kamba kwenye kona, zinakataa, na zinalirudisha katikati.

Huo ndio mfumo mzima. Hakuna bolti ya mhimili, hakuna springi, hakuna kikombe. Fundi mmoja wa Nyakato niliyempelekea mchoro aliutazama kwa muda, akauliza, "Sasa mdogo wangu, beringi yake iko wapi?" Nikamwambia, "Haina, kaka. Mpira wenyewe ndio beringi." Akageuza karatasi, akaitazama tena, kisha akaanza kukata bomba.

Faida yake kwetu iko wazi: hakuna chuma kinachosuguana na chuma, kwa hiyo mchanga hauna pa kusaga. Vilevile mpira unameza mtetemo wenyewe, na kwenye barabara za mawe zilizopangwa milimani miguu inausikia upole huo mara moja. Kwa kawaida vifaa vya namna hii huruhusiwa kuzunguka hadi nyuzi 30 kila upande, na sisi tunahitaji kama 24 ili ubao ulale 20 kwenye mhimili wa nyuzi 35. Inatosha, ingawa hakuna ziada kubwa.

Hasara yake ni kwamba ukishaubana, umeubana. Ukiwa mgumu mno huna nati ya kulegeza. Unafungua upya na kubadilisha mpira au urefu wa bomba. Ugumu unaenda na urefu: bomba la sentimita 8 lina ugumu wa asilimia 80 ya lile la sentimita 10. Pia mpira unaochoka unaanza kubaki umelala kidogo upande mmoja, hasa kwa mtu anayesimama akiwa ameegemea visigino. Na kuuingiza ni kazi ya watu wawili, maji ya sabuni na jiliwa imara. Usitumie mafuta wala grisi kuulainisha. Mpira wa asili unaharibiwa na mafuta ya madini.

Uzito uko wapi hasa

Nimepiga hesabu ya traki moja ya chuma ya kila aina, kwa vipimo ambavyo fundi wa kawaida angetumia. Ya bushi inakuja gramu 800 hivi, ya mpira kama kilo moja, ya chaneli zaidi kidogo ya hapo. Gramu mia mbili, mia tatu. Hizo si kitu cha kukufanya uchague mfumo usiokufaa, kwenye bodi ambayo ikikamilika mara nyingi huwa na kilo 6 hadi 8.

Gramu zilizojificha ziko kwenye mwili wa traki, na hapo mafundi wengi wanakosea kwa nia njema. Wanachukua chuma kipana kigumu kisicho na tundu, ili kisipinde. Bomba la mviringo la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2 ni zito kwa kama robo tu kuliko fimbo ya chuma ya milimita 12, lakini ni gumu kupinda zaidi ya mara 9. Kwa hiyo mwili uwe bomba, na ekseli ziwe vipande viwili vifupi vinavyoingia ndani ya bomba angalau sentimita 5 kila upande, vikishikwa na kipande cha kujazia nafasi kilichochongwa kwenye lethi. Ekseli chakavu za pikipiki zinafaa kwa vipande hivyo. Chomelea kupitia matundu ya pembeni, mbali na mahali ekseli inapotokea, maana moto wa welding ukiwa pale pale penye kupinda ndipo chuma kitakapokatika.

Aluminiamu je? Watu wanaipenda kwa jina la wepesi. Ukweli ni kwamba ukigawanya ugumu kwa uzito, chuma na aluminiamu zinatoka karibu sawa kabisa. Aluminiamu inashinda pale tu unapoweza kuifanya nene na pana, kama kwenye bamba la chini. Tena ikichomelewa inapoteza nguvu nyingi pembeni mwa moto, wakati mwingine karibu nusu, na welda wengi wa barabarani wana mashine ya fimbo isiyofaa kwa kazi hiyo. Na tafadhali usipeleke mwili wa traki kwa wanaomimina sufuria. Kazi yao ni nzuri kwa sufuria. Aluminiamu ya mchanganyiko usiojulikana inakatika ghafla bila kupinda kwanza, na wewe uko juu yake.

Tunayo bahati moja ambayo wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam hawana. Ziwa letu ni la maji baridi, hakuna chumvi, kwa hiyo bolti ya chuma kwenye bamba la aluminiamu haitaoza kwa kasi ile ya pwani. Kausha tu baada ya kuchezea majini.

Kabla ya mifumo yote, tazama magurudumu. Gurudumu la inchi 10 la mkokoteni wa kubebea mizigo, lenye rimu ya chuma, lina uzito mkubwa sana ukilinganisha na la inchi 8 lenye rimu ya plastiki. Manne yake yanafuta kila gramu uliyoipigania kwenye stelingi.

Jaribio la ndoo

Mfumo wowote utakaojenga, usiende nao mlimani kabla ya kupima ugumu wake nyumbani. Funga traki zote kwenye ubao, weka bodi kwenye sakafu, laza mfuko wa saruji wa kilo 50 katikati ili isipinduke. Funga ubao mrefu kukatiza bodi, na nusu mita kutoka katikati tundika ndoo yenye uzito wa moja ya tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 atundike kilo 14, yaani ndoo na maji vyote pamoja. Hiyo ni sawa na wewe kuegemea sentimita 10 kutoka katikati, ambayo ni karibu kabisa na vidole vyako vinapokaa.

Pima ulalo kwa programu ya pimamaji ya simu. Nyuzi 20 ndiyo shabaha. Ikilala 30, ni laini mno kwa mteremko. Ikilala 10, utachoka magoti na haitakata kona. Kisha ondoa ndoo uone kama inarudi katikati. Mpira uliobanwa vibaya unajulikana hapa, kabla haujakuonyesha kwa namna nyingine.

Basi uchukue ipi?

Ukiwa mwepesi, chini ya kilo 60 hivi, na unacheza njia tambarare za ukingoni, chukua bushi na utumie pesa iliyobaki kwenye bolti nzuri na kofia ngumu. Bodi ikiwa itapandwa na watu wa uzito tofauti, kwa mfano ndugu wawili wanaopokezana, chaneli na springi haina mpinzani, kwa sababu ndiyo inayorekebishika zaidi kwa kukaza nati. Kwa mtu mmoja mwenye uzito wake ule ule, anayecheza kwenye luseni na barabara za mawe, na hataki kufungua traki kila jioni kusafisha, ningesema mpira wa kusokota.

Mimi mwenyewe napendelea kuchanganya: chaneli mbele kwa nyuzi 35, ili niweze kurekebisha jinsi inavyoingia kona, na mpira nyuma kwa nyuzi 25, ambapo ninachotaka ni utulivu tu. Nyuma ndiko breki inakofungwa pia, kama unaweka, na bomba la mraba linabeba mvuto wa breki vizuri kuliko bolti moja ya bushi.

Kwa kufunga, tumia nati zenye pete ya naironi ndani kila mahali, na weka alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoishika. Mtikisiko wa barabara za mawe unaifungua nati ya kawaida kabla hujafika chini. Mstari wa rangi ukivunjika unauona kwa jicho, ukiwa umesimama juu ya kilima na bodi mkononi, spana ikiwa bado mfukoni.